Msimbo Usiochagua Diski: Mbinu za Kuandika Programu Inayohifadhi Popote

Programu nyingi zinazosoma na kuandika mafaili huandikwa kwenye kompyuta moja, hupimwa kwenye kompyuta hiyohiyo, kisha hupelekwa kuishi kwingine. Mwandishi ana laptopu ya Windows, seva ya kukodi inatumia Linux, mteja anataka nakala rudufu kwenye fleshi, na baada ya mwaka bosi anaamua picha zote zihamie kwenye wingu. Hapo ndipo faili lililofunguka jana linadaiwa halipo, au nakala ya gigabaiti 5 inakatika katikati huku fleshi ikiwa na nafasi tele.

Wengi wakisikia habari za msimbo unaohamishika hufikiria mfumo endeshi: Windows, Linux, macOS. Fikra hiyo inapotosha. Kompyuta moja ya Linux inaweza kuwa na diski ya ndani ya ext4, fleshi ya FAT32 na folda ya mtandao, na kila moja ikawa na sheria zake. Inayotawala tabia ya faili ni hifadhi lilimokaa. Kwa hiyo usiujenge msimbo wako juu ya swali la "niko kwenye mfumo gani?" Ujenge kwa kudai kidogo, yaani yale tu ambayo hifadhi dhaifu kuliko zote inaweza kuyatimiza. Pale unapohitaji zaidi, ipime hifadhi kwanza.

Tuchukue programu ya SACCO inayotoa stakabadhi na ripoti za mwezi. Mifano ya msimbo ni ya Python, ila mbinu zenyewe zinafaa lugha yoyote.

1. Njia za mafaili: acha kuunganisha kwa mkono

Hili ndilo rahisi kuliko yote, tulimalize haraka. Windows hutenganisha folda kwa alama ya \ na wengine kwa /. Ukiandika "ripoti\2024.pdf" kwenye msimbo kisha ukaupeleka Linux, hutapata kosa lolote. Utapata faili moja ambalo jina lake zima ni ripoti\2024.pdf, limekaa nje ya folda ya ripoti, kwa sababu huko alama hiyo ni herufi halali ya jina.

Kila lugha kubwa ina maktaba ya kazi hii. Python ina pathlib tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, Java ina java.nio.file tangu Java 7 ya 2011, C++ ina std::filesystem tangu C++17, na Go ina path/filepath. Itumie kila mahali, hata kwenye msimbo wa majaribio.

La pili linalosahaulika ni hifadhidata. Usiweke humo njia nzima kama C:\SACCO\ripoti\2024\machi.pdf. Weka kipande tu, 2024/machi.pdf, kwa alama ya /, na folda ya mwanzo iwe kwenye faili la mipangilio. Siku ya kuhama utabadilisha mstari mmoja badala ya maelfu ya safu.

2. Majina: fuata sheria za mkali kuliko wote

Karani akiruhusiwa kuandika jina la faili, ataandika lolote. Tuseme ameandika "Saa 10:30.pdf". Kwenye ext4 ya Linux jina hilo linapita bila neno. Kwenye FAT32 linakataliwa. Kwenye NTFS ya Windows hutokea kioja: nukta pacha ni alama ya kutenganisha faili na mkondo wa ziada uliofichwa ndani yake. Unabaki na faili linaloitwa "Saa 10", lenye ukubwa wa baiti 0 kwenye orodha, na data yako yote imejificha kwenye mkondo unaoitwa "30.pdf". Programu inasema imehifadhi, karani anaona faili tupu, na wote wawili wanasema kweli.

Windows hukataza kwenye majina alama hizi: < > : " / \ | ? na *. Nukta au nafasi mwishoni mwa jina huondolewa kimyakimya. Tena kuna majina yaliyotengwa tangu zama za DOS: CON, PRN, AUX, NUL, COM1 hadi COM9 na LPT1 hadi LPT9, hata yakifuatwa na kiambishi kama .pdf. Huenda programu yako haitafika Windows leo, lakini ripoti zake zitatumwa kwa barua pepe na kufunguliwa huko.

Urefu nao una mipaka. Windows kwa kawaida hukubali njia nzima isiyozidi herufi 260, na ingawa Windows 10 ilifungua mlango wa kuzidi hapo mwaka 2016, ni lazima mlango huo uruhusiwe kwenye mashine na programu nayo iuombe. Kwenye ext4 jina moja halizidi baiti 255. Zingatia kwamba ni baiti, si herufi: herufi ya Kiarabu katika UTF-8 hula baiti 2, kwa hiyo jina la mteja wa Muscat lililoandikwa kwa Kiarabu hufikia kikomo kabla ya herufi ya 128.

Dawa ni kutoyatumia maneno ya watu kuwa majina ya mafaili. Faili liitwe kwa namba yake, stakabadhi-004512.pdf, na jina zuri la kusomwa na binadamu likae kwenye hifadhidata. Kama ni lazima jina litokane na maneno, jiwekee alfabeti finyu: a hadi z kwa herufi ndogo, tarakimu, kistari, na nukta moja tu kabla ya kiambishi. Saa iandikwe 1030, na tarehe 2024-03-31, ili mafaili yajipange yenyewe.

Waandishi wa Kiswahili wana mtego wao hapa: ile alama ya ng'. Kwenye kibodi ya kompyuta hutoka imesimama wima, ila Word na simu nyingi huigeuza kuwa ya kupinda. Kwa macho "ng'ombe" ni neno moja, kwa kompyuta ni majina mawili tofauti. Iondoe alama hiyo kwenye jina la faili na uibakize kwenye hifadhidata.

3. Herufi kubwa, herufi ndogo na alama za juu

Ext4 hutofautisha Nembo.png na nembo.png. NTFS chini ya Windows na APFS ya Mac, zikiachwa zilivyo, huyahesabu kuwa faili moja ingawa hukumbuka ulivyoliandika. Kosa linalotokana na hapo ni la kila wiki kwa watengeneza tovuti: ukurasa unaita Picha/Nembo.png, faili halisi ni picha/nembo.png, kwenye laptopu nembo inaonekana, na ikifika kwenye seva ya Linux inatoweka.

Upande wa pili nao una hatari yake. Msimbo wa kiini cha Linux una mafaili mawili kwenye folda moja, xt_CONNMARK.h na xt_connmark.h. Ukiuchukua kwa Git kwenye Mac ya kawaida hakuna nafasi ya yote mawili, na Git hukuonya kwamba yamegongana. Basi mambo mawili: majina yote yawe ya herufi ndogo, na kabla ya kuunda faili jipya hakikisha hakuna jina linalofanana nalo baada ya kushusha herufi.

Alama za juu ni kisa kingine, hasa kwa majina ya Kifaransa ya Kongo na Burundi. Herufi é inaweza kuandikwa kama herufi moja ya Yunikodi, yenye baiti 2, au kama e ya kawaida ikifuatwa na alama yake, jumla baiti 3. Mfumo wa zamani wa Mac, HFS+, uliyageuza majina yote kuwa ya namna ya pili. APFS huyaacha yalivyo lakini huyaona sawa. Ext4 huhesabu baiti tu, kwa hiyo "Félicité.pdf" mbili zinaweza kukaa kwenye folda moja bila jicho kuzitofautisha. Yapitishe maandishi yote kwenye unicodedata.normalize("NFC", jina) yanapoingia, kabla ya kuyalinganisha au kuyahifadhi.

Ukihitaji kujua folda fulani inatofautisha herufi au la, usiangalie jina la mfumo endeshi. Iulize folda yenyewe:

```
import tempfile
from pathlib import Path

def hutofautisha_herufi(folda):
    with tempfile.NamedTemporaryFile(dir=folda, prefix="Jaribio-") as f:
        p = Path(f.name)
        return not p.with_name(p.name.swapcase()).exists()
```

Funksheni hii huunda faili la muda, hugeuza herufi kubwa za jina kuwa ndogo na ndogo kuwa kubwa, kisha huuliza kama faili la jina hilo lipo. Likipatikana, hifadhi haitofautishi. Jibu ni sahihi hata kama folda iko kwenye fleshi au kwenye mtandao.

4. Kuandika bila kuharibu kilichopo

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ripoti ya zamani imeshafutwa na mpya haijakamilika. Kinga inayojulikana ni kuandika kwenye faili la muda, kisha kulibadilisha jina likae mahali pa lile la zamani:

```
import os, tempfile

def hifadhi(lengo, data):
    fd, muda = tempfile.mkstemp(dir=lengo.parent, prefix="tmp-")
    try:
        with os.fdopen(fd, "wb") as f:
            f.write(data)
            f.flush()
            os.fsync(f.fileno())
        os.replace(muda, lengo)
    except BaseException:
        os.unlink(muda)
        raise
```

Kila mstari hapo una kazi yake. Faili la muda linaundwa kwenye folda ileile ya lengo (dir=lengo.parent), si kwenye /tmp, kwa sababu kubadilisha jina hakuvuki kutoka hifadhi moja kwenda nyingine. Ukijaribu, Linux hurudisha kosa la EXDEV. Kwenye laptopu yako /tmp na folda ya kazi huenda ziko diski moja ukadhani mambo ni shwari. Kwenye seva ya mteja ni diski mbili.

os.fsync inaisukuma data kutoka kwenye kumbukumbu ya muda hadi diskini kabla ya jina kubadilishwa. Usipoiweka, jina jipya linaweza kutangulia na data ikabaki nyuma. Mwaka 2009, ext4 ilipoanza kuenea, kulikuwa na malalamiko mengi ya mafaili yaliyokutwa na baiti 0 baada ya kompyuta kuzimika ghafla, na chanzo kilikuwa programu zilizoruka hatua hii. Data isiyovumilia hasara yoyote kwenye Linux inahitaji fsync ya folda pia. Kwenye Mac inahitaji agizo la F_FULLFSYNC, maana fsync ya huko haiilazimishi diski kumwaga kumbukumbu yake ya ndani.

os.replace imechaguliwa badala ya os.rename kwa kuwa os.rename hukataa kwenye Windows kama faili la lengo lipo tayari, ilhali kwenye Linux hulifunika. os.replace, iliyokuja na Python 3.3, hufunika kote. Nayo mkstemp hulipa faili ruhusa za mmiliki peke yake, kwa hiyo kama kuna programu nyingine ya kulisoma, panga ruhusa kabla ya kubadilisha jina.

Bado kuna tofauti moja ambayo funksheni hii haiwezi kuifuta. Mhasibu amefungua ripoti ya Machi kwenye Excel, na programu yako inataka kuandika ripoti mpya juu yake. Linux huruhusu, na aliyelifungua faili la zamani huendelea kuliona la zamani. Windows hutoa PermissionError. Kosa hilohilo huja pia programu ya kuzuia virusi inapokuwa inalikagua faili kwa sekunde chache. Jaribu tena mara kadhaa kwa kupumzika kidogo kila mara. Ikishindikana, mwambie mtumiaji kwa lugha anayoielewa: "Funga ripoti ya Machi kwenye Excel kisha ujaribu tena." Msimbo wa kosa pekee haumsaidii mtu.

5. Mipaka ya fleshi: ukubwa, saa, ruhusa na mpangilio

Ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. FAT32 ndiyo mwenye chongo wetu: imejaa kwenye fleshi na kadi za kumbukumbu, na haina mengi ambayo programu hudhani ni ya kawaida.

*Ukubwa.* Faili moja halifiki gigabaiti 4 kamili, hata fleshi ikiwa na nafasi ya 64. Nakala rudufu igawe vipande vya gigabaiti 1, kila kipande na namba yake, ukiongeza faili dogo lenye orodha ya vipande na alama zao za SHA-256. Mfumo wa exFAT wa mwaka 2006 hauna kikwazo hicho, na Linux imeweka msaada wake ndani ya kiini tangu toleo la 5.4 la 2019, lakini huwezi kumchagulia mteja fleshi.

*Saa.* FAT32 huandika muda wa faili kwa hatua za sekunde 2, tena kwa saa za mahali. Kifaa kingine kikiisoma kadi kwa kudhani ni saa za UTC, mafaili yote ya Dar es Salaam au Nairobi yataonekana yamesogea kwa saa 3. Programu inayoamua "hili ni jipya, linakiliwe" kwa kulinganisha saa itanakili kila kitu upya, au itaruka kilichobadilika kweli. Ruhusu tofauti ya sekunde 2, kama rsync inavyofanya kwa chaguo la --modify-window, au achana na saa kabisa na ulinganishe SHA-256.

*Ruhusa na viungo.* FAT32 haijui mmiliki, haijui ruhusa, wala haina viungo vya ishara. Usitegemee chmod kulinda siri za wanachama kwenye fleshi. Data ya siri isimbwe fiche kabla haijaandikwa.

*Mpangilio.* os.listdir haiahidi mpangilio wowote. NTFS huelekea kurudisha majina kwa alfabeti, ext4 huyarudisha kwa mpangilio usiotabirika. Stakabadhi zilizotoka zimepangwa kwenye laptopu zitavurugika kwenye seva. Neno moja linatosha: sorted.

Kwa maandishi, taja usimbaji na mwisho wa mstari kila unapofungua faili, open(p, "w", encoding="utf-8", newline="\n"), badala ya kuiachia mashine ichague.

6. Wingu si folda

Hifadhi kama Amazon S3, iliyofunguliwa Machi 2006, huonekana kama folda kwenye kivinjari. Ndani yake hakuna folda. Kuna funguo na data: 2024/machi.pdf ni ufunguo mmoja mrefu ambao kwa bahati una alama ya / katikati, na ufunguo hauzidi baiti 1024. Kwenye ndoo (buckets) za kawaida kubadilisha jina hakupo, kuna kunakili kisha kufuta. Kwa hiyo ile mbinu ya faili la muda haihitajiki huko: kitu kipya hakionekani mpaka kimepakiwa chote. Kuongeza mstari mwishoni mwa kitu kilichopo hakupo kwenye ndoo za kawaida, hivyo kumbukumbu za matukio ziandikwe vipande vya saa au vya siku. Orodha hurudi kwa kurasa za vitu 1000, na programu isiyoomba ukurasa unaofuata itadhani SACCO ina stakabadhi 1000 tu.

Ndiyo maana msimbo wa biashara haupaswi kugusa mafaili moja kwa moja. Weka kiolesura chembamba chenye vitendo vitano: andika, soma, futa, ipo, orodhesha. Nyuma yake weka tabaka la diski na tabaka la wingu. Sehemu ngumu ni kujizuia. Siku utakapoongeza "badilisha jina" au "funga faili nisipokonywe", umekwisha kuahidi kitu ambacho upande mmoja hauwezi kukitimiza. Kama ni lazima mtu mmoja tu aandike kwa wakati mmoja, kazi hiyo ipe hifadhidata.

Si lazima ukianze kiolesura hicho kutoka sifuri. Hifadhi ya mafaili ya Laravel imejengwa juu ya Flysystem, Django ina mfumo wake wa storages, na Python ina fsspec. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, ni mfano mzuri wa kusoma: kwenye faili la dhis.conf kuna mstari wa filestore.provider. Ukiandika filesystem, mafaili hukaa diskini. Ukiandika aws-s3, huenda kwenye wingu. Sehemu nyingine za mfumo hazina habari ya mabadiliko hayo.

7. Pima kwenye hifadhi, si kwenye mashine tu

Kuendesha majaribio kwenye Windows, Linux na macOS ni mwanzo mzuri, na huduma kama GitHub Actions huyafanya yote matatu kwa mistari michache ya mipangilio. Lakini majaribio hayo hukimbia kwenye diski za ndani. Fleshi bado hujaihusisha. Kwenye Linux unaweza kuitengeneza bila kununua yoyote:

```
truncate -s 6G fat.img
mkfs.vfat -F 32 fat.img
sudo mkdir -p /mnt/fat
sudo mount -o loop,uid=$(id -u) fat.img /mnt/fat
```

Faili fat.img linajitangaza kuwa la gigabaiti 6, ila halili nafasi halisi mpaka uandike ndani yake. Elekeza majaribio yako yote kwenye /mnt/fat. Kwa upande wa wingu, MinIO huendeshwa kwenye laptopu na huzungumza lugha ya S3, kwa hiyo huhitaji akaunti ya kulipia ili kupima.

Yapitishe mambo haya sita kwenye kila hifadhi: andika jina lenye é kisha lisome tena, andika majina mawili yanayotofautiana kwa herufi kubwa tu, andika juu ya faili lililofunguliwa, andika faili la gigabaiti 5, orodhesha vitu 1500, na uzime programu katikati ya kuandika. Si lazima yote yafaulu. Linalotakiwa ni kwamba kila linaposhindikana programu itoe kosa lililo wazi na data ya zamani ibaki salama.

Kama tayari una mradi mkubwa, usiuvunje wote. Anza kwa kutafuta kwenye msimbo kila mahali palipoandikwa open(, os.rename na alama ya "\\". Hamishia miito hiyo kwenye kiolesura kimoja, hata kama kwa sasa kina tabaka la diski peke yake. Kazi hiyo ya siku chache ndiyo itakayoamua kama siku ya kuhamia wingu utaandika tabaka jipya moja, au utaufungua mfumo mzima upya.